Mshauri wa Kauli Asiitwe Maji Yakishamwagika

Ipo kazi moja ambayo wazee wetu hawakuijua kwa jina, ijapokuwa waliijua kwa sura. Ni kazi ya mtu anayekaa karibu na mkuu wa kampuni, wa benki au wa shirika siku ambayo mambo yameharibika, akamwambia: sema hili, usiseme lile, sema sasa, au nyamaza mpaka asubuhi. Katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani mtu huyo huitwa mshauri wa mawasiliano, na hulipwa fedha nyingi. Huitwa benki inapoyumba, kampuni moja inapotaka kuinunua nyingine, kiwanda kinaporipuka, au meli inapozama. Huku kwetu kazi hiyo aghalabu humwangukia afisa uhusiano, naye huitwa saa ambayo uamuzi umekwisha kupita, na kilichobaki ni kupiga chapa.

Si nia yetu leo kuisifu kazi hii wala kuibeza. Tunachotaka kukisema ni kwamba mshauri wa namna hii ana manufaa pale tu anapokaa kwenye meza ya uamuzi, akiwa na ruhusa ya kumwambia mkubwa wake jambo asilopenda kulisikia. Akiitwa baadaye, kuja kuyapaka rangi yaliyokwisha kuharibika, basi huyo ni gharama juu ya hasara. Na wanaoilipa gharama hiyo si wakubwa walioketi ofisini, bali ni wananchi walioko nje ya lango.

Sisi wakaazi wa visiwa tunayo sababu ya kulitazama jambo hili kwa jicho la peke yake. Mtu wa bara njia moja ikifungwa hutafuta nyingine. Mtu wa kisiwani akiambiwa chombo hakiji, hana njia ya pili. Mchele, unga, mafuta, dawa, na hata umeme wetu, vyote huvuka bahari. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilikaa kiasi cha miezi mitatu bila umeme unaotoka bara, kwa sababu ya hitilafu katika njia ya waya wa baharini. Wenye kukumbuka wanajua kwamba giza lenyewe watu waliligeuza kuwa maisha. Koroboi ziliwashwa, na mazungumzo ya barazani yaliendelea. Kilichouma zaidi kuliko giza ni kutojua. Muuza samaki alitaka kujua kama ni wiki moja, avumilie kwa kununua barafu, au ni miezi, auze alicho nacho anunue jenereta. Mama aliyekuwa akichota maji mbali alitaka kujua kama atafute madumu zaidi au asubiri mfereji. Kwa watu hao habari ilikuwa ni mtaji. Anayemnyima mtu habari ya namna hiyo, au anayempa tarehe ya kubahatisha ili amtulize kwa siku mbili, amemtia hasara sawasawa na aliyetia mkono mfukoni mwake.

Kazi hii ya ushauri ilizaliwa Marekani, katika zama za kampuni kubwa za reli na makaa ya mawe, ambazo desturi yake ilikuwa kuwafungia milango waandishi wa habari. Mwaka 1906 mtu mmoja aliyekuwa mwandishi wa magazeti, Ivy Lee, aliajiriwa na wenye migodi ya makaa, akawapelekea wahariri tamko la kanuni zake. Aliahidi kwamba kazi yake ingefanywa hadharani, kwamba angetoa habari zilizo sahihi, na kwamba mhariri yeyote atakayetaka kulithibitisha jambo angesaidiwa. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo huo treni ya kampuni iliyokuwa chini ya Reli ya Pennsylvania ilitumbukia majini karibu na Atlantic City, na watu zaidi ya 50 wakafa. Badala ya kuficha, kwa ushauri wa Lee, kampuni ilitoa taarifa yake, na waandishi wakapelekwa mahali pa ajali wakajionee. Kwa zama zile hilo lilikuwa jambo geni.

Lakini haikupita miaka minane, na mtu huyo huyo akauonyesha upande wa pili wa kazi yake. Aprili 1914 askari wa jimbo la Colorado waliivamia kambi ya wachimba makaa waliokuwa katika mgomo huko Ludlow, na wanawake na watoto wakafa humo. Lee aliajiriwa na akina Rockefeller, waliokuwa na hisa nyingi katika kampuni ya migodi hiyo. Makaratasi aliyoyasambaza nchi nzima yalibeba maelezo mengi yasiyo ya kweli juu ya mgomo na viongozi wake. Alipohojiwa mbele ya tume ya serikali, alikiri kwamba aliyoletewa na waajiri wake hakuyachunguza hata kidogo, aliyapokea, akayapeleka.

Hapo ndipo penye funzo la kwanza. Sisi tuliopita chuoni kabla ya kuingia skuli tulifunzwa na walimu wetu kwamba habari haipimwi kwa utamu wake, bali kwa mnyororo wa wapokezi wake. Nani kaisema, kaipokea kwa nani, na huyo naye ni mtu wa namna gani? Mshauri anayechukua karatasi mkononi mwa mwajiri wake na kuipeleka gazetini bila ya kuuliza lolote ameukata mnyororo huo, hata kama karatasi yenyewe ina lugha nzuri na mhuri wa shirika. Mwaka 1906 Lee alipeleka watu kwenye ajali wakaangalie. Mwaka 1914 alipeleka karatasi watu waamini. Mtu ni yule yule na ustadi ni ule ule. Kilichopungua ni uchunguzi.

Mfano unaosomeshwa zaidi katika vyuo vinavyofundisha kazi hii ni wa mwaka 1982. Mwishoni mwa Septemba mwaka huo watu saba katika eneo la Chicago walikufa baada ya kumeza dawa ya maumivu iitwayo Tylenol, iliyokuwa imetiwa sumu ya sianidi na mtu ambaye mpaka leo hakuna aliyetiwa hatiani kuwa ndiye. Ushahidi ulielekea kuonyesha kwamba sumu ilitiwa dawa zikiwa zimekwisha kufika madukani. Kampuni ya Johnson & Johnson, ambayo ndiyo yenye dawa hiyo, ingeweza kujificha nyuma ya ushahidi huo na kusema: si sisi. Haikufanya hivyo. Mwenyekiti wake, James Burke, aliwaita wakubwa wenzake, na mkuu wa uhusiano wa kampuni, Lawrence Foster, alikuwa miongoni mwao tangu mwanzo, si mgeni aliyeletewa maamuzi. Kampuni ikawaambia watu wasiitumie dawa yake, kisha ikaondoa madukani nchi nzima chupa zipatazo milioni 31, zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 100. Kabla ya mwaka kwisha dawa ikarudi sokoni katika chupa yenye lakiri tatu, ili mnunuzi aone kwa macho yake kama imeguswa.

Limo jambo dogo ndani ya kadhia hiyo ambalo sisi tunaliona ni kubwa kuliko yote. Katika siku za mwanzo kampuni iliwaambia waandishi kwamba katika viwanda vyake hakuna sianidi. Baadaye ikagundua kwamba ilikuwapo kidogo, kwa ajili ya kupimia ubora wa dawa. Jambo hilo halikuwa na uhusiano na vifo vile, na wapo washauri ambao wangesema liachwe lipite. Kampuni iliisahihisha kauli yake. Kwa kufanya hivyo ilikubali aibu ya siku moja ili neno lake la siku zilizofuata lipate kusadikiwa. Mficha maradhi, kifo humfichua. Lakini anayetaja homa yake mapema hupata wa kumsaidia kutafuta dawa.

Tunaomba wakubwa wetu waizingatie picha hiyo yote. Kilichowatuliza watu wa Marekani hakikuwa ufasaha wa taarifa. Walichokiona ni kwamba chupa zimeondoka madukani. Taarifa ilikuwa ni maelezo tu ya kitendo kilichokwisha kufanyika. Aliyeshauri kitendo ndiye mshauri. Aliyeshauri sentensi ni karani.

Katika mambo ya fedha jambo hili huwa gumu zaidi, na ni haki kukiri ugumu wake. Benki haiweki fedha zote za wateja kabatini. Huzikopesha: kwa mjenzi wa nyumba atakayelipa kwa miaka ishirini, kwa mfanyabiashara aliyeagiza shehena, kwa Serikali yenyewe. Hata benki iliyo nzima kabisa haiwezi kuwalipa wateja wake wote wakija siku moja. Kwa hiyo neno la msemaji wa benki ni kama kiberiti katika ghala ya kumbi za nazi. Akisema mapema mno na kwa pupa, huenda akaiua benki ambayo ingepona. Akichelewa, wengine watasema kwa niaba yake.

Jioni ya tarehe 13 Septemba 2007 shirika la BBC lilitangaza kwamba Northern Rock, benki ya Uingereza iliyojulikana kwa mikopo ya nyumba, imeomba msaada wa dharura kwa Benki Kuu ya nchi hiyo. Taarifa rasmi ilitoka asubuhi ya siku ya pili. Baina ya habari na taarifa ulipita usiku mmoja tu, lakini usiku huo ulitosha. Kulipokucha wazee kwa vijana walikuwa wamepanga foleni nje ya matawi, na waliojaribu kutumia mtandao wa benki waliukuta umezidiwa. Uingereza ilikuwa haijaona watu wakiikimbilia benki namna ile tangu mwaka 1866. Maelezo kwamba benki ina uwezo na kwamba msaada umekubaliwa hayakuzivunja foleni. Zilivunjika Serikali ilipotangaza, tarehe 17, kwamba inadhamini amana zote zilizomo. Na Februari 2008 benki ikataifishwa.

Mambo yaliharakia zaidi miaka kumi na tano baadaye, simu zilipokuwa zimeshika nafasi ya foleni. Tarehe 8 Machi 2023 benki ya Silicon Valley huko Marekani ilitangaza kwamba imeuza dhamana zake kwa hasara ya dola bilioni 1.8 na kwamba inatafuta mtaji mpya. Siku iliyofuata mkuu wake alizungumza na wateja akawasihi watulie. Siku hiyo hiyo wateja waliagiza kutoa dola bilioni 42, na tarehe 10 benki ikafungwa. Neno "tulieni" likitoka kwa mtu ambaye hajasema ni kwa nini watu watulie, halitulizi. Abiria akimsikia nahodha akisema tulieni bila ya kuona mtu akipiga pampu, huanza kutafuta boya.

Hata karibu na kwetu somo hilo limepita. Mwaka 2016, nchini Kenya, benki iliyoitwa Chase Bank ilichapisha hesabu zake za mwaka uliotangulia, kisha zikachapishwa nyingine zilizotofautiana na zile za kwanza. Wakurugenzi wawili wakaondoka. Maneno yakaenea katika mitandao ya simu, wateja wakaanza kutoa fedha, na tarehe 7 Aprili Benki Kuu ya Kenya ikaiweka benki hiyo chini ya mfilisi. Ilifunguliwa tena tarehe 27 mwezi huo chini ya usimamizi wa benki nyingine. Ni kweli kwamba uvumi uliiumiza. Lakini uvumi huo ulikuwa na mahali pa kukaa. Hesabu zilizotofautiana zilikuwa zimekwisha kuuandalia kiti.

Jambo jingine katika ushauri wa fedha ni usawa wa habari. Mshauri huyu hujua leo jambo ambalo kesho litaipandisha au kuishusha bei ya hisa. Anajua kampuni gani itanunuliwa, hasara gani itatangazwa, mkurugenzi gani ataondoka. Siri hiyo ni amana. Akiinunulia hisa, au akamnong'oneza shemeji yake, amewaibia wote waliouza na kununua bila ya kujua. Ndiyo maana katika masoko ya hisa sheria hutaka habari nzito itolewe kwa wote kwa wakati mmoja. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998, na tangu hapo mwalimu mwenye hisa mia moja ana haki ya kusikia pamoja na tajiri mwenye milioni. Tunalisema hili kwa sababu tabia ya kumpigia simu mkubwa fulani kwanza, kisha rafiki fulani, kisha wananchi wakiwa wa mwisho, si kosa la adabu tu. Linapohusu fedha ni dhuluma.

Na wapo washauri waliouza ustadi wao kwa yeyote mwenye kulipa. Kampuni ya Bell Pottinger ya London ilikuwa miongoni mwa zilizosifika sana katika kazi hii. Mwasisi wake mmojawapo, Lord Bell, alikuwa mshauri wa Margaret Thatcher. Mwaka 2016 iliajiriwa na kampuni ya akina Gupta huko Afrika ya Kusini, kwa malipo ya pauni 100,000 kwa mwezi. Akina Gupta walikuwa wakituhumiwa kuitumia dola kwa faida yao. Kampeni waliyotengenezewa ilichochea chuki za rangi, ili macho ya watu yaondoke kwa walipaji wa kampeni. Ulimwengu ulipojua, chama cha washauri wenzao huko Uingereza kiliifukuza kampuni hiyo mapema Septemba 2017, na kabla ya siku kumi kwisha ikawa imo mikononi mwa wafilisi. Waliojidai kuwafundisha wengine namna ya kuokoka katika dharura walishindwa kuokoka katika ya kwao.

Tumeitaja kadhia hiyo kwa makusudi. Afrika ya Kusini imelipa kwa fitina, na fitina haiishi siku mfilisi anapofunga ofisi. Nchi changa, na hasa visiwa vidogo ambavyo watu wake wameoana, wamezikana na wana kumbukumbu ndefu, haina anasa ya kuajiri watu wa mbali waje kutafuta ufa katika jamii yetu na kutia kabari ndani yake ili mkubwa mmoja apate nafuu ya wiki mbili. Ikiwa ipo ofisi ya umma inayofikiria kununua ustadi wa namna hiyo, tunaisihi iulize kwanza: mtu huyu tunamlipa atusaidie kusema, au atusaidie kutosema?

Sasa turudi nyumbani, na turudi kwa heshima, kwa sababu tunakokwenda pana makaburi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Hakuna nyumba Pemba isiyojua mtu aliyeguswa na usiku ule. Wavuvi wa Nungwi walitoka kuokoa kabla ya taarifa yoyote kuandikwa, na hatujui msemaji aliyesema vizuri kuliko ngalawa zao. Lakini nchi kavu, katika uwanja wa Maisara, watu walisimama wakitafuta jina. Hesabu za mwanzo zilitaja mamia ya abiria. Tume ya uchunguzi ilikuja kusema kwamba waliokuwamo walikuwa zaidi ya elfu mbili. Hakuna mshauri duniani, hata angelipwa dhahabu, ambaye angeweza kuandika taarifa sahihi usiku ule, kwa sababu taarifa sahihi ya ajali ya meli huandikwa kabla ya meli kung'oa nanga. Huandikwa na karani wa bandari anayehesabu watu na kuandika majina yao. Pale ambapo orodha haipo, msemaji hana cha kusema isipokuwa kukisia, na kukisia juu ya maiti ni kuwaua mara ya pili.

Hapo ndipo tunapotaka kila afisa asimame kidogo. Mawasiliano ya dharura si jambo la siku ya dharura. Ni orodha ya abiria, daftari la hesabu lililokaguliwa, ripoti ya fundi aliyesema waya umechakaa, barua ya mhandisi iliyosomwa badala ya kuwekwa chini ya nyingine. Mshauri mzuri hupita katika mambo hayo wakati wa salama na kuuliza maswali ya kuudhi. Meli hii ikizama, tutajuaje nani alikuwamo? Benki hii ikiyumba, nani atasema, na atasema kwa idhini ya nani? Bomba hili likipasuka usiku wa Idi, simu ya nani itapokelewa? Afisa asiyependa maswali hayo wakati wa salama atayasikia tena yakiulizwa na tume.

Tuliwahi kuitwa, miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi ya shirika moja ambalo hatutalitaja, siku ambayo huduma yake ilikuwa imekatika na umma umekasirika. Tuliikuta taarifa imekwisha kuandikwa na kijana wa uhusiano, tena vizuri: imeeleza nini kimeharibika, kifaa gani kinasubiriwa, na lini watu watasikia tena. Karatasi ile ilipita mikononi mwa wakubwa sita. Wa kwanza alifuta jina la kifaa, kwa kuwa watu wangeuliza kwa nini hakikuwapo ghalani. Wa pili alifuta tarehe. Wa tatu alifuta neno "tunasikitika", akihofia wanasheria. Ilipotoka kwa wa sita, siku ya tatu, ilikuwa na sentensi moja tu yenye maana, nayo ni kwamba hali imedhibitiwa. Tulipokuwa tukiondoka tulipita langoni, tukamkuta mlinzi amezungukwa na watu, anawaeleza yote: kifaa gani, kimeagizwa wapi, na fundi amesema nini. Aliyasikia kwa madereva. Shirika lile lilikuwa na msemaji, na alikuwa amevaa buti za ulinzi. Sisi nasi tuna lawama yetu. Tuliiona karatasi ikinyolewa, tukanyamaza kwa kuwastahi wakubwa. Tumeona bora tulikiri hapa kuliko kuwahubiria wengine.

Watakuwapo watakaosema kwamba tunawataka viongozi waropoke. La. Zipo siri za haki. Jina la maiti halitangazwi redioni kabla ya mama yake kuambiwa. Uchunguzi wa jinai hauendeshwi barazani. Benki inayofanyiwa matengenezo na Benki Kuu haiwezi kutangaza kila hatua. Wala hatuwezi kukanusha kwamba taharuki huua. Watu wamekanyagana duniani kwa neno moja lililosemwa vibaya. Lakini baina ya kuropoka na kuufyata umo uwanja mpana, na mtu mzima huweza kusimama humo kwa heshima kwa kusema mambo matatu: tunalolijua hadi saa hii ni hili, tusilolijua bado ni hili, na tutarudi kwenu saa fulani, tuwe na jipya au tusiwe nalo. Hakuna siri ya dola iliyomo katika maneno hayo, wala yahitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Yanahitaji mkubwa mwenye ujasiri wa kutamka "hatujui", na mwenye uaminifu wa kurudi saa aliyoahidi.

Kwa hiyo tunatoa mwito kwa wakuu wa mashirika ya umma, wa mabenki, wa bandari na wa wizara. Kwanza, afisa uhusiano apewe kiti katika vikao vya maamuzi, asikie mapema, na asiadhibiwe kwa kusema kwamba uamuzi fulani hautaweza kuelezeka kwa wananchi. Uamuzi usioelezeka, mara nyingi, haufai. Pili, kila shirika liwe na mpango wa dharura ulioandikwa, wenye majina na namba za simu, na ufanyiwe majaribio angalau mara moja kwa mwaka, kama wafanyavyo wazima moto. Tatu, masheha waingizwe katika mpango huo. Uvumi ukifika mtaani haupigi hodi wizarani. Hupiga hodi kwa sheha, naye leo huusikia sawa na wengine, mikono mitupu. Nne, atakayeajiriwa kushauri katika mambo ya fedha afungwe kwa kiapo cha siri na kwa marufuku ya kufanya biashara kwa siri hiyo, na mkataba wake ujulikane ni wa nini. Tano, anayetoa taarifa ya uongo kwa umma katika dharura, akijua kuwa ni uongo, ahesabiwe kuwa amehusika na madhara yake, hata kama aliiandika kwa amri.

Na kwa wananchi wenzetu nao tunalo neno, maana haki haina upande mmoja. Simu ya mkononi imemfanya kila mmoja wetu kuwa mpokezi na mpelekaji wa habari. Kabla ya kumpelekea mwenzio sauti isiyo na mwenyewe inayosema benki inafungwa au meli imezama, fanya kama ulivyofunzwa chuoni: uliza imetoka kwa nani. Ukikosa jibu, iache ife mkononi mwako. Lakini tunawakumbusha wakubwa kwamba raia ataweza kusubiri taarifa rasmi ikiwa tu amezoea kwamba taarifa rasmi huja, na ikija huwa ni kweli. Mazoea hayo hujengwa kwa miaka na hubomolewa kwa jioni moja.

Hatuna shaka kwamba vijana wetu wengi watasomea kazi hii na kuifanya vizuri, hapa kwetu na ng'ambo. Tunawatakia heri, na tunawapa wasia wa watu wa pwani. Nahodha huwa na mtu wake wa kukaa omoni, kazi yake kutazama mbele na kupiga ukelele akiona mwamba. Hakuna nahodha aliyemwajiri mtu huyo ili awaimbie abiria chombo kikishapasuka. Akipiga ukelele na nahodha asigeuze usukani, lawama ni ya nahodha. Akiona mwamba akanyamaza ili asimuudhi, basi wote wawili watahesabiwa pamoja.